Modemu Iliyofungwa Mdomo

Wanafunzi walimwita Nukta. Aliwakata maksi kwa kila sentensi isiyofungwa, na alipoacha ualimu jina hilo likamfuata nyumbani kama vumbi la chaki. Hata baba yake, ambaye waliishi naye nyumba moja wawili tu, alilitumia anapotaka kumchokoza. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye miwani aliyoifunga uzi shingoni ili isipotee, na hasira yake haikuwa ya kufoka. Ilichemka kwa moto mdogo, kutwa nzima, na mtu aliyeizoea angeweza kuipima kwa jinsi alivyoweka kikombe mezani.

Wiki ile aliviweka vikombe kwa kishindo. Sababu ilikuwa kisanduku cha plastiki cha rangi ya krimu, kidogo kuliko kamusi, kilichokaa kando ya kompyuta chumbani mwake na kuwaka vitaa vyekundu. Hiyo ndiyo modemu. Waya wake ulipita chini ya mlango, ukakatiza ukumbi, ukaingia sebuleni ilipokuwa simu ya nyumba. Nukta alipotaka intaneti, kompyuta iliiamuru modemu ipige simu kwa kampuni ya intaneti katika mji mkuu. Modemu ya huko ikiitika, barua pepe zilikwenda na kurudi. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda hivyo bila tatizo. Jumanne yakakatika.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na karatasi ya maelezo ya dawa ya kikohozi cha watoto, aliyoitafsiri kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya majaribio kutoka kampuni ya tafsiri ya ng'ambo. Nukta alikuwa ameifanya kama anavyofanya kila kitu, yaani mpaka ikamchosha: asubuhi nzima aliipoteza kuamua kama mama mwenye mtoto mgonjwa atafuata vizuri zaidi "mara tatu kwa siku" au "kila baada ya saa nane". Kazi ilikuwa tayari, imesomwa na kusomwa tena. Ikifika kabla kampuni haijafunga ofisi Ijumaa jioni, na ikipendeza, angepata mkataba wa mwaka. Isipofika, kazi ingekwenda kwa mwingine, naye angerudi kumwangukia mkuu wa shule ambaye yeye mwenyewe alimuaga kwa maneno ambayo mtu hayasemi akiwa na nia ya kurudi.

Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Aliyemwekea ni rafiki yake, mwalimu wa hisabati waliyefundisha naye, mtu mfupi mwenye kitambi cha mviringo ambaye wanafunzi walimwita Pai. "Linux haina uficho," Pai alimwambia siku ile. "Kila inachofanya inakuandikia. Ukiwa na subira ya kusoma, kosa utaliona kwa macho yako."

Nukta alikuwa na subira ya kusoma. Jumatano asubuhi alifungua faili la kumbukumbu za mfumo, akapitia mstari kwa mstari kama anasahihisha insha. Programu imeanza. Modemu imeitika. Mlio wa simu umesikika. Namba imepigwa. Kisha subira, kisha maneno mawili ya herufi kubwa: NO CARRIER. Maana yake modemu imepiga, imengoja, na upande wa pili haikusikia modemu mwenzake.

"Basi umesikia nini?" aliiuliza skrini.

Kwa mtu anayeishi kwa kuchagua maneno, ujumbe ule ulikuwa matusi. Ulisema kisichokuwapo na kunyamazia kilichokuwapo. Mtoto akiandika insha hivyo angerudishiwa daftari.

"Bado mnagombana na hiyo mashine?" Baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Bado, Baba."

"Labda imechoka. Ipumzishe."

Baba alikuwa mkuu wa ghala mstaafu. Miaka yake yote ya kazi alikabidhiwa vitu vya watu wengine, akavifungia, na alipostaafu mikono haikujua kazi nyingine. Alifunga kabati la vyombo. Alifunga jokofu, mpaka Nukta alipomwambia kwamba yeye si panya. Simu ya zamani, ile ya kuzungusha, ilikuwa na kikufuli kidogo kwenye duara la namba, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa shati lake. Simu mpya ya vitufe ilipokuja hapakuwa na mahali pa kutia kufuli, kwa hiyo akaweka sheria: namba za mbali, mwenye ruhusa ya kuzipiga kwa mkonga ni yeye peke yake. Kompyuta aliipa msamaha kwa kuwa ilikuwa ya kazi. Nukta aliheshimu sheria hiyo. Hakuipenda, lakini mtu unapokula nyumbani kwa baba yako akiwa hai, sheria zake hazipigiwi kura.

Siku ya kwanza kabisa modemu ilipopiga simu, ilitoa milio yake yote kwa sauti: mlio wa laini, namba, kisha ule ukelele wa modemu mbili zinaposalimiana. Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana. Aliamka, akaja mlangoni na kuuliza kama kuna paka wawili ndani ya gunia. Nukta aliomba radhi, akafungua kitabu cha maelekezo ya modemu, akakuta amri ya kuzima spika, akaiandika kwenye mstari wa amri za mwanzo. Tangu hapo modemu ilifanya kazi bila kutoa sauti. Ilifanya kazi vizuri, kwa hiyo akasahau kwamba iliwahi kuwa na sauti.

Mtu ambaye Nukta alimshuku ni Pai. Jumatatu Pai alikuwa amemletea sidii yenye toleo jipya la programu ya kupiga simu. Nukta alikuwa ameiingiza jioni ileile, na Jumanne intaneti ikafa. Ushahidi ulimtosha. Akainua mkonga, akampigia Pai shuleni, palepale mjini.

"Umeniua," alimwambia badala ya salamu.

"Na mimi sijambo, dada. Nini tena?"

"Toleo lako jipya. Halipati laini."

"Linasema nini?"

Akamsomea. Pai akafikiri, huku kengele ya kipindi ikilia nyuma yake. "Namba ni ileile? Nenosiri ni lilelile?"

"Unadhani nimekuwa darasa la tatu?"

"Nauliza tu. Basi rudisha toleo la zamani, uone. Likikubali, mimi ndiye mchawi. Likikataa, tafuta mwingine."

Simu ilikuwa moja, kwa hiyo ilibidi wakate ili modemu ijaribu, kisha ampigie tena. Alirudisha toleo la zamani: maneno mawili yaleyale. Akampigia. Pai akamwambia aangalie kama akaunti yake ina ruhusa ya kutumia mlango wa modemu. Akakata, akaangalia: ipo. Akampigia. Aandike upya nenosiri, herufi kwa herufi, huenda kuna nafasi imejipenyeza. Akakata, akaandika. Katibu wa shule sasa alikuwa akipokea kwa kusema, "Subiri, namwita." Abadilishe waya. Ashushe kasi ya modemu. Alijilaza chini ya meza na tochi mdomoni, akachomoa na kuchomeka, akainuka na vumbi magotini. Baba alipita ukumbini akamtazama, akasema, "Utaumia mgongo," akaendelea kwenda sebuleni kwenye kiti chake, kile kilichokuwa karibu na simu.

Alhamisi alimwita fundi wa shirika la simu. Alikuja kijana mwenye mkoba wa ngozi na haraka za mtu anayelipwa kwa idadi ya nyumba. Akainua mkonga, akasikiliza, akapiga ofisini kwao mjini, akacheka na mtu, akakata.

"Laini ni nzima, mama."

"Modemu haipati."

"Modemu si yetu. Kompyuta yenyewe ni aina gani?"

Akaingia chumbani kuangalia. Alipoona skrini nyeusi yenye maandishi meupe, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa kidonda. "Hii ni nini?"

"Linux."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Weka Windows kama watu."

"Wiki iliyopita ilikuwa Linux hiihii, na ilikuwa inapata."

"Basi ilikuwa bahati, mama."

Baba alimkaribisha fundi chai, wakazungumza kuhusu mpira. Fundi alipoondoka alirudia kwa Baba, kama shahidi anayethibitisha, "Laini yenu nzima kabisa, mzee." Baba akaitikia kwa kichwa. Nukta alisimama mlangoni, mikono kifuani, akiwatazama wanaume wawili waliokubaliana jambo asiloweza kulipinga.

Mchana alinakili tafsiri kwenye disketi, akaenda mjini kwenye duka la intaneti. Kompyuta zilikuwa zimepangwa kama vitanda vya hospitali, na kila moja ilikuwa imezibwa tundu la disketi kwa karatasi ya gundi. Msichana wa kaunta alimweleza bila kuinua macho kwamba ni kwa sababu ya virusi.

"Kwangu hakuna virusi. Natumia Linux."

"Kila mtu anasema kwake hakuna, auntie. Ungeiandika tu hapahapa."

Nukta alihesabu kichwani kurasa za ile karatasi, majedwali ya uzito na umri, vipimo ambavyo kosa la tarakimu moja lingempa mtoto dozi ya mtu mzima. Kuichapa upya kwa haraka kwenye kibodi yenye vitufe vilivyofutika, dakika zikikatwa, huku mtu nyuma yake akisubiri zamu, asingeweza kuitia sahihi. Alirudi nyumbani kwa miguu ili asizungumze na mtu yeyote.

Ijumaa mchana Pai alikuja mwenyewe baada ya vipindi, kola imelowa jasho. Alimwamkia mzee, ambaye alikuwa kitini na macho yamefumba nusu, akaingia chumbani na kukaa mbele ya kompyuta.

"Piga nione," alisema.

Nukta akatoa amri. Vitaa vikawaka. Kimya. Pai aliinamisha sikio kuelekea modemu, akangoja, akamgeukia.

"Mbona hailii?"

"Nimeizima spika."

"Lini?"

"Zamani. Baba analala mchana."

Pai alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Alikuwa mtu mpole, na maneno yalimtoka polepole. "Dada. Wiki nzima unamuuliza mgonjwa anaumwa wapi, na wewe mwenyewe umemfunga mdomo."

"Ilikuwa inafanya kazi hivyohivyo."

"Ilikuwa nzima. Mzima hahitaji kusema. Na mimi nilijua unaisikia! Ningejua haina sauti, siku ile ya kwanza tungemaliza."

Kujibu kungekuwa kukubali, na wakati huo Nukta hakuwa na nafasi ya kukubali kitu. Akamsogeza Pai, akafungua mstari wa amri za mwanzo, akabadilisha tarakimu moja, sifuri ikawa moja. Akapiga tena.

Modemu ikafungua kinywa. Ulisikika mlio wa laini, ukafuata mwendo wa namba. Kisha, mahali palipotakiwa ule ukelele, ikatoka sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, ya upole, ya kusoma, iliyojaza chumba na ukumbi:

"Samahani. Simu hii imefungwa kupiga namba za mbali. Mwenye simu, tafadhali tumia namba yako ya siri kuifungua."

Ikarudia. Modemu, ambayo haielewi lugha ya watu, iliendelea kungoja modemu mwenzake mpaka ikachoka, ikakata. Kwenye skrini yakatokea yale maneno mawili.

Pai alitazama kibodi. "Wanasema kikulacho..."

"Usinimalizie methali," Nukta alisema, akatoka.

Sebuleni Baba alikuwa ameketi wima. Usingizi wote umemtoka.

"Umesikia," Nukta alisema.

"Nimesikia."

"Umefunga lini?"

"Jumatatu nilikwenda ofisini kwao. Walinipa namba. Kumbe ni rahisi, unabonyeza tu."

"Jumatatu." Alilirudia neno kana kwamba analipima. "Jumanne umeniona nahangaika. Jumatano umeniona nimelala chini ya meza, ukaniambia nitaumia mgongo. Jana fundi amekaa kwenye kiti hicho amekunywa chai yetu, akasema laini ni nzima, ukaitikia."

"Ni nzima. Hakuniuliza kama imefungwa."

"Baba, usinifanyie ukarani wa ghala."

Mzee alishika mikono ya kiti. "Nilikuambia mwezi uliopita. Nilikuambia mchana laini iwe wazi. Ukasema ni kazi. Unaingia kwenye mashine yako, simu ina kazi, inakaa na kazi. Kaka yako akipiga atapataje?"

Kaka yake alikuwa ng'ambo. Alikuwa amepiga mara ya mwisho kabla ya mvua, akaahidi kupiga tena wiki inayofuata. Tangu hapo kiti cha Baba kilikuwa kimesogea, kidogo kidogo, kutoka dirishani mpaka ukutani penye simu. Nukta alikuwa amekiona kikisogea, na hakutaka kuuliza.

"Hapigi," alisema.

"Hujui."

"Najua. Tangu Jumanne sijaingia kwenye intaneti. Siku zote hizi laini imekuwa yako. Amepiga?"

Baba aliitazama simu.

"Amepiga, Baba?"

"Ulikuwa unaongea na huyo mwalimu mwenzako. Kila saa. Nukta, laini ikiwa na kazi, nitajuaje kwamba hakupiga?"

Aliyasema kwa sauti ya chini, na kwa mtu mwingine, siku nyingine, yangetosha kumaliza ugomvi. Nukta aliyasikia vizuri, akaona hayatoshi.

"Sikiliza. Kuna mtu hajulikani atapiga lini, unamwekea laini wazi wiki nzima. Kuna mtu yuko chumba cha pili, anakupikia, anakufulia, kazi yake ikifa leo jioni anarudi kuomba radhi kwa mtu asiyestahili. Huyo unamfungia laini, halafu unakaa kumtazama anavyojitafuta kosa. Hukuwa na haja hata ya kusimama. Ungesema tu, nimefunga."

"Ningesema ungekasirika."

"Na sasa nimefurahi?"

Pai, aliyekuwa amesimama ukumbini akitafuta namna ya kuwa ukuta, alikohoa. "Mzee, samahani kuingilia. Kule watafunga ofisi muda si mrefu."

Baba alisimama. Alichukua muda, magoti yalikuwa ya mtu aliyebeba magunia kabla hajapewa funguo. Akaenda kwenye simu, akageuza mgongo ili kivuli chake kifunike vitufe, kama alivyokuwa akifanya mbele ya wapakuzi alipofungua sefu ya ghala, akabonyeza namba yake. Akarudisha mkonga taratibu.

"Tayari," alisema. "Ukimaliza niambie nifunge."

Nukta alirudi chumbani na kupiga. Safari hii modemu mbili zilipiga ukelele wao mpaka vioo vikasikia, na hakuna aliyelalamika. Ujumbe uliondoka polepole, mstari wa asilimia ukijivuta kama konokono, na alibaki amesimama, kiganja mezani, mpaka ukaisha. Pai akasema "Alhamdulillahi" kwa niaba ya wote. Nukta alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi. Alipopita sebuleni alisema, "Funga," bila kugeuza shingo.

Jibu lilikuja Jumatatu, na ili alisome ilibidi aombe kufunguliwa. Walimpa mkataba. Mtu wa kule alisifu hasa pale alipoandika "kila baada ya saa nane". Nukta alisoma barua mara moja, akaifunga, akaenda mjini siku hiyohiyo kutafuta chumba chenye laini ya simu.

Alikipata juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na shule. Chumba kimoja, sinki, dirisha linalotazama bati za watu. Siku ya kuhama Baba alisimama ukumbini akiangalia waya wa modemu ukivutwa kutoka chini ya mlango na kukunjwa.

"Nyumba hii ina vyumba vinne," alisema.

"Najua, Baba."

"Ningekupa hiyo namba ya siri."

"Ungenipa lini?"

Nukta hakungoja jibu. Alikuwa amemtafutia mama wa jirani wa kuja kupika na kufua, na kila Jumamosi angekuja mwenyewe. Mambo hayo aliyapanga kwa ukamilifu, bila upole.

Jumapili ya kwanza, mchana, kazi ikiwa wazi kwenye skrini, alikata intaneti na kupiga nyumbani kwa simu yake mwenyewe, kuuliza kama mama wa jirani alikuja. Mlio wa kwanza haukufika mwisho. Mkonga uliinuliwa kwa nguvu, na sauti ya Baba ikaja karibu sana, changamfu, ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

"Kijana wangu?"

Nukta aliuhamishia mkonga sikio la pili.

"Ni mimi, Baba."

"Ah," alisema mzee. "Ni wewe."

Nukta akamuuliza kuhusu chakula, kuhusu dawa ya magoti, kuhusu nguo zilizofuliwa. Akajibiwa kila kitu kwa adabu. Kisha akaaga, akarudisha mkonga mahali pake, akavuta kiti karibu na meza, na kuendelea na aya aliyoiacha katikati. Kikombe cha chai alikiweka kwa kishindo kiasi kwamba mwenye duka, chini, aliinua macho kutazama dari.